Bwana Shamba Anajibu: Mwembe Wangu Umestawi, Mbona Hauzai?

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinahusu mwembe, wala si ajabu, kwa sababu Agosti ni mwezi ambao kila mwenye mwembe uani kwake, kuanzia Kigamboni hadi Bunju, huinua macho asubuhi kutazama kama umetoa maua. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine zote, kwa kuwa kilichomo ndani yake ndicho chanzo cha malalamiko mengi ninayoyapokea. Mwembe una kalenda yake, na mengi tunayoufanyia si mabaya, ila tunayafanya katika mwezi usio wake.

Swali: Bwana Shamba, shikamoo. Nilipohamia Kimara nilipanda kokwa la dodo nyuma ya nyumba. Sasa mti una miaka kumi, umelipita paa, na majani yake ni ya kijani mwaka mzima. Ninaumwagilia maji ya kufulia kila siku, na kila mwezi wa Juni ninaupa samadi pamoja na urea. Haujawahi kutoa maua isipokuwa mwaka juzi, tena tawi moja tu. Jirani ananiambia nipigilie misumari kwenye shina au niukatekate kwa panga ili ushtuke. Mume wangu anataka tuung'oe. Tufanye nini? (Mama wa Kimara)

Jibu: Marahaba, mama. Kwanza kabisa, msiung'oe. Mwembe uliotokana na kokwa huweza kungoja miaka sita hadi kumi kabla ya kuzaa, na lile tawi moja lililochanua mwaka juzi ni ushahidi kwamba mti wenu umeshakua na unaweza kuzaa. Kinachouzuia ni matunzo mnayoupa, ambayo mnayatoa kwa moyo mwema lakini katika wakati usiofaa.

Mwembe haupukutishi majani yake yote kwa pamoja, ndiyo maana tunauona wa kijani Januari hadi Desemba na kudhani kwamba unakua wakati wote. Sivyo. Mti huu huchipua kwa vipindi: tawi hutoa kundi la majani mapya, kisha ncha yake hutulia kwa wiki au miezi, na baada ya hapo hutoa ama majani mengine ama shada la maua. Katika nchi zenye majira ya baridi, kama kaskazini mwa India, usiku wa baridi ndio unaoielekeza ncha hiyo kwenye maua. Kwetu Dar es Salaam, ambako hata usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 19 au 18 tu, baridi peke yake haitoshi, kwa hiyo umri wa majani ya mwisho ndio unaobeba uzito mkubwa. Ncha inatakiwa iwe imetulia kwa muda mrefu, aghalabu miezi minne au mitano, ili kale kabaridi ka Juni na Julai kakifika kaikute tayari. Kinachoituliza ni ukame unaofuata baada ya masika, pale ambapo mizizi hukosa maji ya kutosha kusukuma majani mapya.

Sasa tazama mwembe wenu unavyoishi. Mvua za masika zinakwisha Mei, na badala ya kuonja ukame, mti unaletewa ndoo za maji kila siku. Juni, mwezi ambao ulipaswa kukaa kimya, unapewa urea, mbolea ambayo kazi yake kubwa ni kuotesha majani. Mti unatii. Unachipua majani mapya Julai, na Agosti inapofika ncha zake zote ni changa, wala hakuna hata moja iliyo tayari kuchanua.

Unaweza kulithibitisha hilo mwenyewe bila kifaa chochote. Vuta tawi la chini, ushike jani la mwisho kabisa kwenye ncha, kisha likunje katikati. Jani lililokomaa ni la kijani kilichoiva, gumu, na likikunjwa hupasuka kwa mlio. Jani changa hukunjika kama kitambaa na kurudi lilivyokuwa. Tazama pia chipukizi lililo katikati ya majani hayo. Likiwa limevimba na kuwa nene mwishoni mwa Juni, tumaini la maua lipo. Likiwa jembamba na lililochongoka, mti bado unafikiria majani.

Kwa hiyo, kuanzia mwisho wa Mei mwakani, acheni kabisa kuumwagilia. Maji ya kufulia yapelekeni kwenye migomba, ambayo huyafurahia mwaka mzima, mradi yasiwe na jiki. Mtarudi kuumwagilia mwembe pale tu maua yatakapokuwa yamefunga na vitunda vimefikia ukubwa wa gololi, kwa sababu hapo ukame huacha kuwa rafiki na kuanza kuangusha matunda. Urea muiache kabisa kwa sasa. Samadi iliyooza vizuri muitoe Machi, mwanzoni mwa masika, na msiirundike shinani. Itawanyeni pale kivuli cha matawi ya nje kinapoishia saa sita mchana, ambako ndiko iliko mizizi mingi inayonyonya. Kupogoa nako kuna mwezi wake. Punguzeni matawi yanayosongamana katikati mara tu baada ya msimu wa mavuno, Februari au Machi, ili machipukizi yatakayotokea yawe na muda wa kukomaa. Anayepogoa Juni anajinyima maembe ya mwaka huo kwa mkono wake.

Kuhusu misumari, haifanyi lolote zaidi ya kufungua vidonda ambamo ukungu na wadudu watobozi wa mbao huingia. Habari ya kukatakata gome ina ukweli fulani ndani yake, na ni vema tuueleze ili watu waache kuukosea. Sukari inayotengenezwa na majani husafiri kwenda mizizini kupitia sehemu ya ndani ya gome. Gome likikatwa kuzunguka tawi, sukari hubaki juu ya mkato, na jambo hilo huweza kulisaidia tawi kuchanua. Wapo wakulima katika nchi mbalimbali wanaoitumia njia hiyo kwa uangalifu, katika tawi moja moja, kwa kuondoa utepe mwembamba wa gome usiozidi upana wa njiti ya kiberiti. Kuliparamia shina kuu kwa panga ni jambo jingine kabisa. Mkato ukilizunguka shina zima na usipone, mizizi hufa njaa, na mti nao hufa.

Ufilipino, wakulima walikuwa na desturi ya zamani ya kuwasha moto wa moshi chini ya miembe kwa siku nyingi mfululizo ili ichanue, na katika miaka ya 1970 mtaalamu wao Ramon Barba akagundua kwamba kuinyunyizia miembe maji yenye nitrati ya potasi kunafanya kazi hiyo kwa urahisi zaidi. Njia hiyo imeenea katika nchi nyingi za joto. Lakini moshi na nitrati vyote viwili huiamsha ncha iliyokwisha kukomaa. Haviwezi kuikomaza iliyo changa. Mkiununulia mwembe wenu dawa hiyo leo, fedha yenu itapotea bure.

Mwembe ukishaanza kuzaa, msishtuke ukizaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Matawi yaliyobeba matunda hadi Januari au Februari huchelewa kuchipua majani mapya, na mbegu zilizo ndani ya matunda hutoa vichocheo vinavyozuia maua ya msimu ujao. Kuchuma mapema na kupogoa mara baada ya kuchuma hupunguza tabia hiyo, ingawa katika miti ya kienyeji haiishi kabisa. Na ikiwa misimu miwili itapita mkifuata haya bila mafanikio, bado hamna haja ya kuung'oa: shina hukatwa, machipukizi mapya yakaachwa yakue, kisha yakabebeshwa, yaani kuunganishwa na, vijiti vya aina mnayoipenda. Mizizi ya miaka kumi itavilea vijiti hivyo kwa kasi ambayo mche mpya hauwezi kuifikia.

Swali: Tumepata kiwanja Kigamboni, mchanga mtupu, na ningependa watoto wakue wakiona mwembe. Nina kokwa la embe tamu mno nililolila Desemba, nimelikausha na kulihifadhi. Nilipande hilo au ninunue mche? Na je, mizizi haitapasua msingi wa nyumba? (Baba wa watoto wawili)

Jibu: Kokwa la Desemba lililokaushwa hadi leo limekwisha kufa, kaka. Mbegu ya embe haivumilii kukauka. Inatakiwa ipandwe ndani ya siku au wiki chache tangu tunda liliwe, huku ganda lake gumu likiwa limefunguliwa kwa uangalifu ili isioze humo ndani.

Hata ingekuwa hai, kuna jambo la kufahamu. Aina nyingi za maembe zenye asili ya India huwa na kiini kimoja tu ndani ya kokwa, na kiini hicho ni mtoto wa wazazi wawili, kwa hiyo tunda lake linaweza kutofautiana sana na lile ulilolila. Aina nyingi zenye asili ya Asia ya kusini-mashariki huwa na viini kadhaa, na mingi kati ya miche inayotoka humo hufanana na mama kabisa. Ukipanda kokwa na kuona miche mitatu au minne imejitokeza mahali pamoja, unayo aina ya pili. Ng'oa ule dhaifu kuliko yote, maana mara nyingi ndio uliotokana na uchavushaji, kisha uache wenye nguvu.

Mimi ningekushauri ununue mche wa kubebeshwa, ambao huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne na hukupa embe unalolijua. Bustani za miche zipo nyingi kando ya barabara zetu, lakini usinunue kwa kutazama urefu wa mche. Inama utazame kiungo, mahali kijiti kilipounganishwa na shina la chini: kiwe kimeshikana pande zote, bila ufa wala uvimbe unaotoa utomvu, na utepe wa plastiki uwe umefunguliwa au ufunguliwe mbele yako, kwa sababu ukisahaulika huuma shina hadi kulikaba. Chini ya kiungo pasiwe na chipukizi lolote. Geuza kiriba, ule mfuko wa mche, uone kama mizizi imejizungusha humo kama imekosa pa kwenda. Mche wa namna hiyo uache pale pale. Kwa kula nyumbani, dodo, bolibo na viringe hazijapata mpinzani kwa ladha, kwa maoni yangu. Ukitaka kuuza, wanunuzi wa maduka makubwa huulizia apple, ambalo lilianzia pwani ya Kenya, pamoja na Kent, Keitt na Tommy Atkins zilizotoka Florida nchini Marekani. Tommy Atkins husifika kwa kuvumilia safari na kukaa muda mrefu bila kuharibika kuliko linavyosifika kwa utamu.

Mchanga wa Kigamboni hauzuii mwembe. Unachohitaji ni kuongezewa rutuba na kutunziwa unyevu. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, uchanganye udongo wa juu na madebe mawili ya samadi iliyooza, upande mwanzoni mwa masika, kisha utandaze nyasi kavu kulizunguka shimo bila kuzigusisha na shina. Nililomwambia mama wa Kimara kuhusu maji halikuhusu wewe bado: mche mchanga unahitaji kumwagiliwa katika viangazi vyake viwili vya mwanzo. Ukitoa maua katika mwaka wa kwanza, yakate, inauma lakini ni kwa faida yake. Kuhusu nyumba, mwembe wa kubebeshwa unaopogolewa kila mwaka uweke mita sita kutoka ukutani, na wa kokwa usiopogolewa uweke mita kumi. Uwe mbali na karo pia.

Swali: Mwembe wetu wa Tabata ulichanua hadi majani hayakuonekana. Baada ya wiki mbili maua yakawa kama yamepakwa unga mweupe, mengine yakawa meusi na kukauka. Vitunda vichache vilivyofunga vinadondoka kila asubuhi, ninafagia beseni zima. Nipige sumu gani? (Msomaji wa Tabata)

Jibu: Unga mweupe ni ugonjwa wa ubwiri unga, ambao hupenda hali ya hewa ya wakati huu hasa, siku kavu zenye usiku wa baridi kidogo na umande wa alfajiri. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaujua vizuri kwenye mikorosho yao, na mkorosho na mwembe ni ndugu wa ukoo mmoja. Dawa yao ndiyo yako: salfa, ambayo hupigwa mapema, mashada yanapoanza kurefuka, asubuhi au jioni, kwa kuwa salfa iliyopigwa kwenye jua kali huunguza maua. Weusi mara nyingi ni ugonjwa wa chule, unaoletwa na unyevu, na hutokea zaidi pale vinyunyu visivyotarajiwa vinapolikuta shada limefunguka. Dawa zenye kopa huuzuia zikipigwa kabla maua hayajafunguka. Shada lililokwisha kuwa jeusi halirudi tena, kwa hiyo likate ulichome, usiliache likining'inia likisubiri matunda mengine ya kuyaambukiza.

Ninakusihi usipige sumu ya kuua wadudu wakati maua yamefunguka. Wanaochavusha mwembe ni inzi wa aina mbalimbali pamoja na nyuki na wadudu wengine wadogo, na anayewaua hao mwezi huu hatakuwa na cha kuchuma Desemba. Dawa yoyote unayoinunua, inunue katika duka la pembejeo lenye leseni, na uhakikishe kwenye kibandiko chake kwamba imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Ama vitunda vinavyodondoka, sehemu kubwa ya hivyo usivihuzunikie. Shada moja la mwembe huwa na mamia ya maua, mara nyingine maelfu, mengi yakiwa ya kiume yasiyoweza kufunga tunda, na kwa kawaida hata moja katika mia halifiki kuiva. Shada likikubakishia embe moja au mawili, mti umefanya kazi yake. Cha kuangalia ni kama vilivyodondoka vina madoa meusi, ambayo ni ugonjwa, au ni safi, ambapo huwa ni mti unajipunguzia mzigo au una kiu. Vikiwa safi na vimeshafikia ukubwa wa gololi, anza kuumwagilia sasa, maji mengi mara moja au mbili kwa wiki.

Swali: Chanika tuna miembe sita. Kila msimu maembe yanaonekana mazuri kwa nje, lakini ukiyapasua yamejaa funza weupe. Wazee wanasema zamani haikuwa hivi. (Kijana mkulima, Chanika)

Jibu: Wazee wako wanasema kweli. Inzi wa matunda wa asili ya Afrika walikuwepo tangu zamani, lakini aliyezidisha balaa ni mgeni kutoka Asia anayejulikana kitaalamu kwa jina la Bactrocera dorsalis, ambaye aligunduliwa katika ukanda wetu, huko Kenya, mwaka 2003, akaonekana Tanzania mapema vilevile, na katika miaka michache akawa amesambaa sehemu kubwa ya bara hili. Jike lake hutoboa ganda la embe linaloanza kukomaa na kutaga mayai chini yake. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache, funza hula nyama hadi tunda linadondoka, kisha hutoka na kujichimbia ardhini sentimita chache tu, ambako hugeuka pupa, yaani hutulia ndani ya ganda dogo, na kuibuka inzi kamili baada ya siku kumi hivi, tayari kuyarudia maembe yaliyobaki mtini.

Kutokana na mzunguko huo utaona ni wapi pa kumkamata. Embe lililodondoka na kuachwa chini ya mti kwa siku tatu ni kiwanda cha inzi. Yaokote yote kila siku, hata yaliyooza, hata yale ambayo ndege wameyadonoa, kisha uyatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki mzito, uufunge kabisa na kuuacha juani hadi funza wote wafe, au uyafukie kwenye shimo ambalo juu yake utaweka angalau nusu mita ya udongo. Kuyatupa kwenye lundo la mboji au pembeni mwa shamba ni kuwahamisha funza tu. Ukifanya hivyo wewe peke yako huku jirani akiacha yake yaoze, utapunguza balaa bila kulimaliza, hivyo zungumza na majirani wa mtaa wako kabla ya Novemba. Hili ni jambo ambalo lingestahili kuzungumzwa hata kwenye kikao cha serikali ya mtaa.

Mitego yenye dawa ya methili yujenoli huwavuta madume peke yao. Husaidia kujua kama inzi wameingia, na ikiwa mingi hupunguza uzazi wao, lakini majike ambao tayari wana mayai hawaijali. Hao huvutwa na chambo chenye protini, kinachonyunyiziwa sehemu ndogo ya majani badala ya mti mzima. Kwa miembe sita, njia ninayoiamini kuliko zote ni kuyavisha maembe mifuko ya karatasi, hata ya magazeti, yanapofikia ukubwa wa yai la kuku, na kuyachuma yakiwa yamekomaa lakini bado magumu, kabla harufu yake haijawaita inzi.

Swali: Majani mapya ya mwembe wangu yametoka mekundu na yamelegea kama yaliyonyauka. Ni ugonjwa? (Msomaji wa Sinza)

Jibu: La. Majani ya mwembe huzaliwa hivyo, mekundu au ya rangi ya shaba, na laini. Rangi hiyo huwasaidia wachanga hao kuvumilia jua hadi watakapokuwa wa kijani. Usiwapulizie kitu.

Swali: Ninauza matunda Buguruni. Wenzangu wanaivisha maembe kwa kabaidi, yale mawe ya mafundi wa kuchomea vyuma, na yanapendeza kwa rangi. Wateja wangu wengine wanalalamika kwamba maembe yanawawasha midomo. Je, ni hiyo kabaidi? Nami nifanyeje ili nisiachwe nyuma kibiashara? (Dada mfanyabiashara)

Jibu: Umefanya vema kuuliza, dada. Kabaidi ikipata unyevu hutoa gesi ya asetilini, inayofanana kazi na etilini, gesi ambayo matunda yenyewe huitoa yanapoiva. Tatizo ni kwamba kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ambayo ni sumu kwa anayeishika na kwa anayelila tunda, na ndiyo sababu India, nchi inayoongoza duniani kwa kuzalisha maembe, imepiga marufuku matumizi yake. Zaidi ya hayo, kabaidi hubadilisha rangi ya ganda hata kwa embe ambalo halijakomaa, na mteja akilipasua hukuta nyama ngumu na chachu. Mteja huyo harudi.

Wewe vundika kama walivyovundika mama zetu. Panga maembe kwenye kasha au tenga lililotandikwa karatasi, weka ndizi mbivu chache katikati, funika kwa gunia safi, na uyakague kila siku. Ndizi zitatoa etilini ya kutosha, na maembe yataiva kwa siku tatu hadi tano. Siri kubwa iko kwenye manunuzi, kwa kuwa hakuna njia ya kuvundika inayoweza kulitia utamu embe lililochumwa kabla ya kukomaa. Tazama mabega ya tunda, pale linapoungana na kikonyo: yakiwa yamejaa na kuinuka kupita mahali kikonyo kilipoingilia, limekomaa, yakiwa yameteremka, liache. Mwombe muuzaji akupasulie moja. Nyama iwe imeanza umanjano kulizunguka kokwa, na ganda la kokwa liwe gumu kwa kisu.

Mwasho wa midomo mara nyingi hutokana na utomvu. Kikonyo kikinyofolewa, utomvu huruka na kutiririka juu ya ganda, ukaacha michirizi myeusi na kuwawasha wenye ngozi nyepesi, hasa wale wanaomenya kwa meno. Waambie wanaokuchumia waache kikonyo chenye urefu wa kidole, kikatwe baadaye, na embe lilazwe kichwa chini kwa saa chache hadi utomvu uishe, kisha lioshwe kwa maji safi.

Swali: Nimekula embe zima, safi, halina hata tobo. Nilipovunja kokwa ili nipande, nikakuta mdudu mweusi mgumu ndani yake. Aliingiaje? (Mwanafunzi, Mbagala)

Jibu: Huyo ni fukusi wa kokwa la embe. Mama yake alitaga yai juu ya ganda la tunda likiwa bado dogo. Lava, yaani funza wake, akatoboa hadi kwenye mbegu, na jinsi embe lilivyoendelea kukua tobo lile likajifunga lisionekane. Nyama ya embe hilo haina madhara, lakini mbegu yake mara nyingi haiwezi kuota vizuri, na mdudu akitoka huenda kujificha kwenye nyufa za magome hadi msimu ujao. Choma makokwa yote ya maembe mnayoyala nyumbani badala ya kuyatupa uani.

Swali: Mwembe wangu wa Goba umejaa maji moto. Hatuwezi kupanda kuchuma, wanauma vibaya. Fundi ameniambia nipige dawa niwamalize. Unashaurije? (Mzee wa Goba)

Jibu: Shikamoo mzee. Ninakuomba usiwamalize. Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, ni askari hodari dhidi ya kunguni wanaofyonza vitunda na machipukizi, na katika minazi na mikorosho ya pwani yetu thamani yao imefahamika kwa miaka mingi. Mahali walipo wengi, hata inzi wa matunda hupata shida ya kutulia na kutaga. Wana kasoro moja: huwalinda vidung'ata na magamba, wadudu wadogo wanaofyonza mti, kwa ajili ya maji yao matamu, na juu ya maji hayo huota ukungu mweusi kwenye majani. Ukiona weusi huo umezidi katika tawi fulani, lioshe kwa maji ya sabuni au likate, lakini viota vingine uviache.

Siku ya kuchuma, tumia upondo mrefu wenye kikapu ukiwa umesimama chini. Ikibidi mtu apande, ajipake majivu makavu mikononi na miguuni na apande asubuhi mapema kukiwa bado na ubaridi, saa ambayo maji moto hawajachangamka.